Mtoto wa kondakta aliyewabeba madereva wa mbio

Msimu wa pamba ukifunguliwa na AMCOS zikaanza kulipa, maduka ya pikipiki mjini Bariadi hupata wageni wengi kutoka vijijini. Baba amevaa shati lake la kanisani, kijana ametangulia hatua tatu mbele. Kijana ameshachagua rangi tangu mwaka jana. Kilichobaki ni ule mjadala wa nyumbani ambao bado haujaisha, na katika nyumba nyingi za Dutwa unafanana: mama anaona jeneza, baba anaona hesabu ya kila jioni, kijana anaiona lami yote ya kwenda Lamadi ikiwa imenyooka mbele yake.

Wiki hii safu hii inamzungumzia mtu wa nne, ambaye kwa kawaida hayupo kwenye mjadala huo. Si mzazi, si tajiri wa pikipiki, hana anachodai. Ni mtu anayependa mbio kama kijana anavyozipenda, na ana uwezo wa kumshika mkono.

Kwa Wasukuma si ajabu msanii na mshindani kusimama uwanja mmoja. Baada ya mavuno Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma, na watazamaji huhama upande mmoja kwenda mwingine kadiri manju anavyowavuta. Mashindano ya baiskeli nayo yana wenyewe Kanda ya Ziwa, na ngoma haikosekani pembeni. Desturi ni kwamba manju akifanya vizuri, watu wanamtuza. Kisa hiki kimegeuka: manju ndiye aliyekuwa akiwatuza wakimbiaji.

Jina lake George Harrison. Alizaliwa Liverpool, Uingereza, Februari 25, 1943, na baba yake, Harold, alikuwa kondakta wa basi. Dunia inamjua kama mpiga gitaa wa The Beatles, bendi iliyovunjika mwaka 1970 ikiwa imeuza santuri kuliko karibu kila mtu. Wachache wanajua kwamba kabla gitaa halijamteka, moyo wake ulikuwa umeshachukuliwa na magari ya mbio.

Julai 1955, akiwa na miaka 12, alikwenda Aintree, pembezoni mwa mji wao, kuangalia mashindano makubwa ya magari ya Uingereza. Siku hiyo Stirling Moss alishinda, Mwingereza wa kwanza kushinda mashindano hayo ya nyumbani yakiwa sehemu ya ubingwa wa dunia. Mtoto wa kondakta alikuwa na kamera ya kisanduku, akizunguka na kupiga picha magari. Akipata anwani ya kiwanda, anaandika barua kuomba picha. Mzazi mwenye mtoto anayekata picha za magari kutoka magazetini na kuzibandika ukutani anamfahamu mtoto wa namna hii. Wengi hutamani apone ugonjwa huo. Harrison hakupona.

Alipopata fedha alinunua magari ya kasi, kama wanavyofanya wanamuziki wengi, na hilo halina cha kuandikia safu. Tofauti yake ilianzia kwenye watu. Alijenga urafiki wa kweli na madereva, na wa karibu zaidi alikuwa Jackie Stewart wa Scotland, bingwa wa dunia mwaka 1969, 1971 na 1973.

Kuna ajali ya Stewart ambayo kila familia yenye pikipiki ingefaa kuijua. Juni 1966, huko Spa, Ubelgiji, mvua ilinyesha katika mzunguko wa kwanza wa mashindano na gari lake likaruka nje ya barabara. Alibanwa ndani huku petroli ikimmwagikia mwilini. Hapakuwa na waokoaji wala daktari karibu. Waliomtoa ni madereva wenzake wawili ambao nao walikuwa wameteleza eneo hilo hilo, Graham Hill na Bob Bondurant, na ili kung'oa usukani walilazimika kuazima spana kwa mtazamaji. Baadaye gari la wagonjwa lililombeba likapotea njia kwenda hospitali.

Baada ya hapo Stewart alifunga spana kwenye gari lake la mbio. Kisha akawa msumbufu. Alidai mikanda, kofia nzuri, vizuizi pembeni ya barabara, madaktari uwanjani. Wapo waliomcheka na kumwita mwoga. Bingwa mara tatu, mwoga!

Lile jina la Graham Hill msomaji aliweke akilini.

Hill alikuwa bingwa wa dunia mara mbili, mwaka 1962 na 1968. Novemba 29, 1975, akiwa ameshastaafu kuendesha na ana timu yake mwenyewe, alikuwa akirusha ndege ndogo kurudi Uingereza kutoka Ufaransa. Usiku, ukungu mzito, ndege ikaanguka karibu na London. Wote sita waliokuwamo walikufa, akiwamo dereva kijana wa timu yake, Tony Brise.

Halafu likaja pigo la pili, ambalo kwa ukurasa wa familia ndilo lenye uzito zaidi. Vibali vya Hill vya urubani vilikuwa vimepita muda wake na karatasi za ndege hazikuwa sawa. Bima haikuwa na maana tena. Familia za waliokufa zilidai haki yao mahakamani, na mjane, Bette, akabaki na watoto watatu huku mali ya marehemu ikienda kulipa. Nyumba kubwa iliondoka. Mtu aliyekuwa makini na kila nati ya gari la mbio aliiacha familia bila kinga kwa sababu ya karatasi.

Pale Dutwa, ukiuliza kijiweni wangapi wana leseni hai na bima ndogo isiyoisha muda, utaona watu wanaanza kutazama upande wa barabara. Deiwaka ndiyo kabisa. Anachukua pikipiki ya mwenzake saa kumi na mbili jioni, hana karatasi hata moja yenye jina lake, na anabeba abiria wawili.

Mtoto wa kiume wa Graham Hill, Damon, alikuwa na miaka 15 baba alipokufa. Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2016, alieleza waziwazi jinsi msiba huo ulivyomfuata hadi utu uzima kwa sura ya sonona. Wanaume wa michezo ya hatari huwa hawasemi mambo haya, ndiyo maana inafaa kutaja kwamba huyu alisema.

Kijana huyu hakurithi fedha, alirithi jina na mapenzi ya mbio. Alianza na pikipiki. Ili apate hela ya mafuta na matairi alifanya kibarua cha ujenzi, na alisambaza barua na vifurushi kwa pikipiki mitaa ya London. Kwa lugha ya hapa kwetu, mtoto wa bingwa wa dunia mara mbili alikuwa bodaboda.

Mama yake hakulala vizuri. Alishamzika mume. Lakini Bette hakupiga marufuku, alijua marufuku ingevunjwa usiku huo huo. Mwaka 1983 alimshawishi mwanawe aende Ufaransa kusomea uendeshaji wa magari ya mbio, kwa hesabu kwamba kwenye magurudumu manne, ndani ya mkanda, angalau ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi nyumbani. Akina mama wanaobishana na watoto wao kuhusu pikipiki wanaweza kulipima hilo. Hakusema usikimbie, alisema kimbilia huku.

Magari ya mbio yanakula fedha kuliko ng'ombe wa mahari. Dereva asiye na mdhamini haendeshi, hata awe hodari vipi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Damon Hill alikuwa na mke, na mwaka 1989 mtoto wao wa kwanza, Oliver, alizaliwa na hali ya Down. Kwa asiyeifahamu: mtoto anakuwa na kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili tangu kutungwa mimba. Hukua taratibu, hujifunza taratibu, na wengi huzaliwa na tatizo la moyo linalohitaji kuchunguzwa mapema. Si laana, hakuna aliyeloga, na mama hakula kitu kibaya. Kwa hiyo weka pamoja: baba wa karibu miaka thelathini, umri ambao wenzake walishakuwa mabingwa, mtoto anayehitaji uangalizi wa pekee, na mlango wa kazi unaofunguka kwa fedha tu.

George Harrison alikuwa miongoni mwa waliotoa fedha hizo. Hill hakuwa bingwa wakati huo, hakuwa hata dereva wa Formula One. Alikuwa mtu mwenye jina la baba yake na madeni. Hapakuwa na picha ya makabidhiano ya hundi kubwa ya karatasi ngumu.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1979 Harrison alimdhamini Steve Parrish, mkimbiaji wa pikipiki wa Uingereza. Ndiyo ilikuwa tabia yake na fedha. Mwaka 1978 aliweka rehani nyumba na ofisi yake ili marafiki zake wachekeshaji watengeneze filamu iliyokimbiwa na wafadhili. Mshauri wa fedha angemkanya, na huenda angekuwa na haki.

Damon Hill aliingia Formula One mwaka 1992, akiwa na miaka 31. Oktoba 1996, huko Suzuka, Japani, akawa bingwa wa dunia. Alikuwa mtoto wa kwanza wa bingwa kuwa bingwa naye.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kuna upande wa msaada wa Harrison ambao haukuwa wa ushindi.

Mwaka 1978 mbio za magari zilipoteza Waswidi wawili ndani ya wiki sita. Wa kwanza, Ronnie Peterson, alipata ajali Monza, Italia, Septemba 10. Wenzake walimtoa kwenye moto akiwa na fahamu, miguu imevunjika vibaya, msaada wa matibabu ukachelewa kumfikia. Watu walidhani atapona. Usiku alifanyiwa upasuaji, asubuhi iliyofuata akafa.

Kilichomuua kinatokea pia kwenye barabara ya Lamadi hadi Bariadi. Mfupa mkubwa kama wa paja ukivunjika, mafuta yaliyo kwenye uboho yanaweza kuingia kwenye damu na kuziba mishipa midogo ya mapafu na ubongo. Mtu anaongea vizuri, anaomba maji, kisha saa kadhaa baadaye pumzi inakuwa ngumu na anaanza kuchanganyikiwa. Mfupa ukiachwa uchezecheze hatari inaongezeka. Ndiyo sababu kumkalisha majeruhi mshikaki, katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia, mguu ukining'inia hadi hospitali, ni jambo baya kabisa. Mguu ufungwe na mbao pande mbili kuanzia juu ya palipovunjika hadi chini yake, usinyooshwe kwa nguvu, na mtu alazwe kwenye gari, hata kama ni la kubeba marobota ya pamba. Na asiachwe kurudi nyumbani kwa sababu tu anaongea.

Baada ya kifo cha Peterson, daktari wa Formula One, Sid Watkins, alidai gari la daktari lifuate magari ya mbio katika mzunguko wa kwanza, na helikopta ya wagonjwa iwepo. Mambo aliyokuwa akiyapigia kelele Stewart tangu Spa yakaanza kuchukuliwa kwa uzito.

Mswidi wa pili hakufa kwa ajali. Gunnar Nilsson alishinda mashindano ya Ubelgiji mwaka 1977 na mwishoni mwa mwaka huo akagundulika ana saratani ya korodani. Alikufa Oktoba 20, 1978, akiwa na miaka 29. Katika miezi yake ya mwisho, akiwa ameshadhoofika, alitumia nguvu iliyobaki kuanzisha mfuko wa kuchangia matibabu ya saratani.

Mwaka uliofuata Harrison alitoa wimbo kuhusu madereva wa mbio, unaoitwa Faster, na mapato ya santuri hiyo yakapelekwa kwenye mfuko wa Nilsson. Katika filamu ya wimbo huo Jackie Stewart ndiye anayeonekana akimwendesha mwanamuziki kama dereva wa teksi. Bingwa mara tatu, kwenye teksi.

Saratani ya korodani si jambo la kuzungumza mezani, na ndiyo maana inachelewa kugunduliwa. Huwapata zaidi vijana wa miaka 15 hadi 40, umri uleule wa kijiweni. Kwa Waafrika si ya kawaida kama kwa Wazungu, lakini ipo. Mara nyingi huanza kama uvimbe mgumu usiouma, au korodani moja kuwa nzito kuliko ilivyokuwa. Kutouma ndiko kunakowadanganya watu. Kijana ajikague mara moja kwa mwezi baada ya kuoga maji ya moto, kila korodani kwa vidole, na akikuta kitu kigeni aende hospitali. Asianze kwa kuuliza wenzake. Enzi za Nilsson dawa ya cisplatin, iliyobadilisha matibabu ya saratani hii, ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kutumika. Leo ni kati ya saratani zinazotibika vizuri sana ikiwahiwa, na kutoka Simiyu mgonjwa hupewa rufaa ya Bugando, Mwanza.

Kwa akina mama wenye watoto wachanga kuna la nyongeza. Mtoto wa kiume ambaye korodani moja haijashuka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani hii akikua. Muulize mhudumu wa kliniki. Madaktari hupendelea kurekebisha tatizo hilo kabla mtoto hajavuka mwaka mmoja na nusu.

Kuna jambo moja katika hadithi hii lisilopendeza, na kuliacha lingekuwa kumpamba marehemu. Magari ya Lotus waliyoendesha Peterson na Nilsson yalikuwa na rangi za kampuni ya sigara. Gari la Damon Hill la ubingwa wa 1996 nalo lilikuwa tangazo la sigara linalokwenda kilomita 300 kwa saa. Fedha za tumbaku ndizo zilizoulisha mchezo ule hadi Ulaya ilipopiga marufuku matangazo hayo mwaka 2005. Harrison mwenyewe alivuta sigara kwa miaka mingi. Mwaka 1997 alitibiwa saratani ya koo, na hakuficha kwamba aliilaumu sigara. Baadaye ikapatikana kwenye mapafu. Alichangia mfuko wa saratani akiwa na miaka 36, na saratani ikamuua akiwa na miaka 58.

Alikufa Los Angeles, Novemba 29, 2001. Tarehe ni ileile ya ndege ya Graham Hill, miaka 26 baadaye. Kwa Damon siku hiyo ilikuwa tayari siku ya baba, sasa ikawa pia siku ya mtu aliyemsaidia alipokosa baba wa kumwomba.

Huko Dutwa msaada wa namna hiyo hauhitaji fedha za mwanamuziki. Mjomba mwenye duka, mwalimu mstaafu, kaka aliyepata kazi Mwanza: mmoja anaweza kulipia mafunzo na leseni, mwingine kofia ngumu mbili, ya dereva na ya abiria, mwingine bima ya mwaka wa kwanza wakati kijana bado anapeleka hesabu ya mkataba na hana kinachobaki. Bei ya hivyo vyote pamoja ni ndogo kuliko ile ya pikipiki yenyewe, na ndiyo hivyo hivyo vinavyoachwa siku ya kununua.

Harrison alipata zawadi yake mapema. Juni 1979, uwanja wa Donington, Uingereza, madereva walikusanyika kumkumbuka Nilsson na kuchangisha fedha za mfuko wake. Mwanamuziki naye alipewa gari aendeshe, Lotus ya zamani. Lilikuwa gari lililowahi kuendeshwa na Stirling Moss, yule yule aliyempiga picha kwa kamera ya kisanduku pale Aintree.